Mkono Uliopoa

Dokta Umbo alikutwa chali kwenye sakafu ya chumba chake cha upasuaji saa mbili na robo asubuhi, fuvu limefunguka kama chungu kilichoangushwa makusudi. Damu ilikuwa imeruka ukutani, ikapanda hadi darini, ikaacha michirizi kwenye taa. Pembeni yake ilikuwepo stendi ya dripu, ile ya chuma, imepinda shingo. Aliyempiga hakupiga akatosheka. Alipiga, akaendelea kupiga hata baada ya mtu kugeuka nyama.

"Usikanyage hapo, afande," alisema Sajenti. "Hapo pana jino."

Mama Njiti aliliruka lile jino. Kituo kizima kilimjua kwa jina hilo, inspekta mwembamba mwenye sauti ya chini, kwa sababu mwanawe alizaliwa kwa miezi saba akalelewa kwenye kisanduku cha joto wiki sita. Sasa mtoto huyo alikuwa na miaka minne na ubishi wa wakili mstaafu, lakini jina la mama yake lilikuwa limeshakwama.

Alizunguka chumba taratibu. Nyuma ya mlango, kwenye ndoano, ilining'inia aproni ndefu ya plastiki, inachuruzika maji safi. Tone, kimya, tone.

"Upasuaji wa mwisho ulikuwa lini?"

"Jana alasiri," alijibu Sajenti. "Mteja bado yumo, chumba cha pili. Ila afande, kesi yenyewe imeshapikwa ikaiva. Muuaji yuko nje kwenye gari letu, kama wananchi hawajammaliza."

Nje, chini ya bango lililoandikwa UMBO NI HESHIMA, mtaa ulikuwa umejaa. Kwenye sakafu ya gari la polisi alilala Fundi Welda. Macho yake yalikuwa yamevimba yakafumba, pua imelala upande, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimevunjwa kwa jiwe. Mtu mmoja nyuma ya umati alikuwa bado anauliza kama kuna mwenye petroli.

"Mimi ndiye niliyemkamata!" alijigamba mlinzi wa geti, pande la mtu lililoitwa Komando. Mkono wa shati lake ulikuwa mwekundu hadi kwenye kiwiko. "Nilisikia Sista, nesi wetu, anapiga yowe, nikaingia mbio, nikamkuta huyu amepiga magoti juu ya marehemu, mikono ina damu mabongemabonge, kama jeli. Nikamburuta hadi nje. Watu wakanisaidia."

"Walikusaidia kumkamata au kumuua?"

Komando alikuna shingo. "Afande, hasira za wananchi hazina breki."

"Aliingia muda gani kabla ya yowe?"

"Hata sigara haijafika nusu."

Mama Njiti aliitazama ile damu ya mkononi mwake. "Na wewe juzi Dokta alikuzaba kofi mbele ya wateja. Nimeambiwa na watu watatu kabla sijafika getini."

"Aa! Afande!" Lile pande lilirudi nyuma hatua moja. "Damu hii ni ya Fundi, pua yake hiyo! Mimi tangu saa moja na nusu nilikuwa hapa hapa natukanana na dereva wa gari la taka. Alikuwa amelikingamisha mbele ya geti. Waulize mtaa mzima, walikuwa wanatushangilia kama mpira."

Mtaa mzima ulithibitisha, na mama wa duka la vipodozi akaongeza kwamba Komando alishindwa matusi hayo vibaya sana. Mama Njiti akamweka pembeni, akapanda kwenye gari, akainama sikioni mwa Fundi.

"Ulikuja kufanya nini hapa?"

Midomo iliyopasuka ilihangaika. "Aliniita. Mwenyewe. Jana, kwa simu. Alisema... nije saa mbili, atanitajia."

"Atakutajia nini?"

"Aliyemuua mke wangu. Nilimkuta hivyo hivyo. Nikamshika nimwamshe. Nilitaka... aseme kwanza."

Hakuna aliyemwamini, na Sajenti alikuwa na sababu zake. Miezi tisa iliyopita mke wa Fundi aliingia kliniki hii kuongeza makalio, mtoto wake akiwa na miezi mitano, akatoka ndani ya shuka. Fundi aliambiwa ni presha. Tangu hapo kila Jumamosi alisimama getini na nondo yake, akiapa mbele ya watu kwamba siku moja Dokta atalala kama mkewe alivyolala.

Simu ya Mama Njiti ililia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Saa nane gari la mahakamani linaondoka, na Fundi awe ndani yake. Kesi ya mauaji, haina dhamana."

"Mkuu, huyu mtu shati lake—"

"Shati lake limejaa damu."

"Limejaa damu yake mwenyewe pia. Nani atazitenganisha kabla ya saa nane?"

"Ndiyo maana nakwambia, saa nane. Nje ya kituo kuna watu mia mbili wanaotaka mtu. Nikiwaambia sina mtu watachukua wa kwanza watakayemwona."

Sauti nyingine ilisikika ndani ya simu, ya mtoto anayelia. "Na huyo ni nani, mkuu?"

"Mama mkwe wa muuaji. Amekuja na mjukuu mgongoni. Anataka kusema na wewe, amekataa kusema na mwanamume."

Simu ikabadilisha mikono. Sauti ya mzee ilikuwa kavu. "Mwanangu, mimi na huyo mkwe wangu hatujasemeshana tangu mazishi. Yeye ndiye aliyemruhusu binti yangu. Lakini nakuuliza, ameua?"

"Bado sijui, mama."

"Basi ujue. Mimi nina miaka sabini na mbili, mshumaa uliobaki kisigino. Akifungwa, mimi nikizimika, mtoto huyu atabaki na nani?"

Mama Njiti aliirudisha simu mfukoni, akarudi ndani.

Sista alimngoja kwenye korido, sare yake nyeupe pee, imepigwa pasi, viatu havina hata doa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mikono minene ya kina mama wanaojua kubembeleza.

"Nimesikia wanakuita Mama Njiti," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mtu akatabasamu ndani ya jengo hilo. "Mimi nilikuwa wodi ya njiti miaka sita kabla sijaja huku. Huenda nilimbeba mwanao."

"Huenda. Ulikuwa wapi saa mbili?"

"Kwa mgonjwa, tangu saa moja. Sikutoka. Mkono wangu ulikuwa mgongoni kwake muda wote, muulize mwenyewe. Nilimsikia Fundi anaingia, anatukana, halafu pu, pu, pu. Nikaenda mlangoni, nikaona, nikapiga yowe."

"Hukuingia?"

"Hata unyayo."

"Wewe ni nesi. Hukumpima hata mapigo?"

Sista alimtazama kwa huruma. "Afande, kichwa kile kilihitaji kupimwa?"

Chumba cha pili kilikuwa kidogo, kina dirisha moja na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu. Msusi, mwenye saluni ya mtaa wa nyuma, alilala kifudifudi kitandani, uso umeelekea ukutani, dripu mkononi. Kiuno chake kilibanwa na nguo ngumu ya mpira. Kwenye shuka iliyofunika mgongo wake palikuwa na doa la maji, bichi, ukubwa wa sahani.

"Dada, geuka basi nikuone."

"Siwezi! Sista kasema nikigeuka mafuta yatalala upande mmoja, nitatoka na kalio moja la kuazima."

Mama Njiti alivuta kiti, akakaa karibu na kichwa chake. "Walikufanyaje?"

"Walinyonya mafuta tumboni, wakayahamishia huku. Wiki mbili nisikae kitako, nisilale chali."

"Nani alikulaza usingizi?"

"Sista."

"Hakukuwa na daktari wa usingizi? Dokta alikuonyesha cheti?"

"Alinionyesha picha za wateja."

"Uliuliza hatari zake?"

"Niliuliza kama nitaweza kuvaa suruali nyeupe mwezi ujao."

Hata Sajenti mlangoni alicheka, kisha akaona aibu. Mama Njiti hakucheka. Aliuliza kuhusu Sista.

"Alikuwa hapa, naapa. Mkono wake hapa mgongoni, juu ya shuka. Aliniambia, tulia dada, nipo. Mkono wa moto, mzuri, hata nikasinzia. Niliposikia vishindo nikauliza, Sista, nini hicho? Kimya. Lakini mkono ulikuwepo. Maskini, nadhani aliogopa kuliko mimi, maana mkono ulianza kupoa. Ukapoa, ukapoa, ukawa kama wa maiti."

"Uliushika?"

"Ningeushikaje? Huu una sindano, na huu nimeulalia."

"Vishindo na geti, kipi kilitangulia?"

"Usiniulize hilo, afande. Dawa ilikuwa inanivuta miguu."

Mama Njiti alitoka akiwa na kichwa kizito. Alimpigia daktari wa hospitali kuu aliyeuchunguza mwili wa mke wa Fundi siku ile, akamwuliza kama kweli ilikuwa presha.

"Presha wapi!" alifoka daktari. "Niliandika, hakuna aliyekuja kusoma. Mafuta yanatakiwa yawekwe juu, chini ya ngozi tu. Ndani ya msuli wa kalio kuna mishipa mikubwa ya damu. Aliyemchoma alizamisha bomba mpaka humo. Mafuta yakaingia kwenye mshipa, yakapanda moja kwa moja hadi mapafuni. Hizo ni dakika chache tu, mtu anakohoa na kwisha. Ni mkono wa mtu asiyejua kina cha nyama anayoichoma."

*Mkono.* Fundi naye aliahidiwa kutajiwa mkono wa mtu. Mama Njiti alisimama kwenye korido, mgongo ukutani, akipanga aliyonayo. Bonge la damu halifanyiki kwa nusu sigara. Mikono ya Fundi ilishika damu iliyokwishaganda, maana yake Dokta alikuwa amekufa kabla geti halijafunguliwa. Komando alikuwa nje na mtaa mzima. Ndani walikuwepo watu watatu: mmoja marehemu, mmoja hawezi kugeuza shingo, na mmoja mwenye shahidi wa kuapa kwamba hakuondoka.

Na ile aproni. Nani anaosha aproni siku isiyo na upasuaji?

Alirudi chumba cha pili, akakipindua kikapu cha taka juu ya gazeti. Pamba. Maganda ya sindano. Kifuniko cha chupa. Na glavu moja ya mpira, imekunjamana, imechanwa kwenye kidole gumba, ndani ina unyevunyevu. Kwenye kifundo ilikuwa imefungwa fundo. Juu ya fundo palikuwa na alama nyekundu ya kidole.

"Nani anafunga fundo kwenye glavu?" aliuliza Sajenti.

Mama Njiti alichuchumaa, akaitazama ile glavu kwa karibu. Alijiona miaka minne nyuma, usiku wa kwanza alioambiwa aende nyumbani akalale, akakataa kumwacha kiumbe chake peke yake kwenye kile kisanduku. Nesi alijaza glavu maji ya uvuguvugu, akaifunga, akailaza taratibu juu ya mgongo wa mtoto, vidole vimemkumbatia. *Atajua ni wewe, mama. Nenda ukalale.* Na mtoto akatulia. Akalala.

"Sajenti," alisema, akiinuka. "Pasha maji. Yasiwe ya moto sana."

Saa saba na nusu aliwaita wote chumba cha pili. Komando alisimama dirishani, Sajenti mlangoni, Sista karibu na kabati la vifaa, mikono mbele, mtulivu kama maji ya mtungi. Msusi alikuwa kama alivyokuwa, uso ukutani.

"Nyamazeni wote," alisema Mama Njiti. Aliinama, akaweka kitu juu ya shuka, mgongoni mwa Msusi, kisha akarudi nyuma hadi katikati ya chumba, mikono yake miwili juu ili kila mtu aione. "Dada, Sista yuko wapi?"

"Si huyu hapa?" Msusi alisema kwa sauti ya usingizi. "Amenishika. Asante, Sista, sasa mkono wako una joto tena."

Komando alifungua mdomo, ukabaki wazi. Mgongoni mwa Msusi palilala glavu iliyojaa maji, imefungwa fundo, vidole vimetanuka kama vya mtu.

"Kila mama wa njiti anaujua mkono huo," alisema Mama Njiti. "Ulimwambia asigeuke, naye hakugeuka. Ukavaa aproni, ukaenda kumsubiri Dokta. Ulipomaliza ukaiosha. Geti lilipolia ukaja kuutoa mkono wako wa maji, ukaupasua kwenye sinki, ukaenda kupiga yowe. Ila unasema hukuingia kule hata unyayo. Basi niambie, kidole chenye damu kilifikaje kwenye fundo la glavu ya chumba hiki?"

Sista aliivuta droo ya kabati na kutoa kisu cha upasuaji kwa wepesi ambao hakuna aliyeutegemea kwenye mwili ule mnene. Pigo la kwanza lilimpata Sajenti shavuni, likafungua nyama kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo. La pili lilimlenga Mama Njiti kooni. Akakinga na mkono, chuma kikaingia, akakisikia kikigusa mfupa. Hakuuvuta mkono. Aliusukuma mbele, kisu kikiwa ndani yake, akamgandamiza Sista kwenye kabati hadi vioo vikavunjika na chupa zikawamwagikia. Walianguka pamoja juu ya vigae. Sista alimng'ata begani mpaka damu ikatoka. Msusi, ambaye hakuona kitu, alikuwa akipiga mayowe ukutani, "Sista! Sista, nisaidie!"

Rungu la Komando lilishuka mara moja. Kifundo cha mkono wa Sista kililia kama kuni kavu.

Kukawa na kuhema tu. Mama Njiti alikaa juu ya kifua chake, damu ikichuruzika kutoka kwenye mkono wake na kudondoka juu ya ile sare nyeupe.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Unauliza?" Sista alitema kipande cha kioo. "Alikuwa anajipiga picha. Mke wa Fundi yuko mezani, ameshalazwa, yeye anajipiga picha na simu. Akaniambia, Sista, anza wewe, umeona mara ngapi. Mimi! Mikono hii imezoea watoto wa kilo moja. Nikazamisha. Yule mama akakohoa. Alikohoa mara moja tu, afande, kama mtu aliyepaliwa na maji." Alifumba macho. "Miezi tisa ananiambia, nyamaza, ni presha. Jana namsikia kwenye simu anamwambia Fundi, njoo saa mbili, nitakutajia nani. Alichoka kuiona ile nondo getini. Alitaka kunitoa mimi sadaka apate usingizi wake."

"Na Fundi alikukosea nini?"

"Hakunikosea." Alisema hivyo kwa upole ule ule wa asubuhi. "Aliapa mbele ya mtaa mzima kwamba atamuua. Mimi nilimsaidia kiapo tu."

"Ulimuua mke wake, ukataka umzike na yeye. Na mtoto wao?"

Sista aligeuza uso kando.

Walimfunga pingu mkono mmoja kwenye mguu wa kitanda, wa pili ukiwa umening'inia. Msusi alibebwa kwenye gari la wagonjwa akiwa kifudifudi. Mlangoni alimshika Mama Njiti kidole kwa nguvu. "Afande, huyo aliyenichoma jana... alikuwa nani? Dokta au yeye?"

"Sijui, dada. Wanaojua kazi watakuangalia sasa. Wakikuuliza chochote, usiseme suruali nyeupe."

Alifika kituoni saa nane kasoro dakika tano, mkono umefungwa kwa kitambaa cha kichwa chake mwenyewe. Gari la mahakamani lilikuwa limeshawashwa, Fundi, aliyeletwa kituoni tangu asubuhi, akiwa ndani yake. Umati ulikuwa umezingira geti, mawe mkononi. Mama Njiti alipanda kwenye bampa, damu imemlowanisha hadi kwenye mkanda, akapaza sauti ambayo watu hawakujua kama anayo.

"Muuaji tumemkamata, na si huyu! Mliyemvunja vidole asubuhi ni mwenye msiba! Mwenye jiwe alishike vizuri, aende nalo nyumbani, alale nalo!"

Hakuna aliyerusha. Jiwe moja lilisikika likianguka chini, kisha jingine.

Mkuu wa kituo alitoka, akamtazama mkono, akamtazama usoni. Alimpa funguo za mlango wa gari.

Fundi Welda aliteremshwa akishikiliwa kwapani. Kwenye ngazi za kituo, mama mkwe alisimama na mtoto kifuani. Mtoto aliuona uso ule uliovimba, hauna macho, hauna pua, akapiga kelele, akajificha kwenye shingo ya bibi yake.

Fundi alielewa. Aligeuka haraka, akawapa mgongo, asimtishe.

"Mama," alisema akiwa ameelekea ukutani, maneno yakipita kwa shida kati ya meno yaliyobaki. "Mpeleke ndani. Nitakuja nikipona uso."

Kilio kilikatika. Mtoto alikuwa ameinua kichwa, amesikia sauti, anaitafuta. Alimtazama yule mtu aliyegeuka, akatazama huku na kule, kisha akanyoosha mikono yote miwili kuelekea ule mgongo.

Mama mkwe alisimama palepale. Miezi tisa ilikuwa imekaa kooni mwake, na kuimeza haikuwa rahisi. Kisha akateremka ngazi moja, ya pili, ya tatu, akamfikia.

"Geuka, baba," alisema. "Shika mwanao. Mimi nimechoka kubeba peke yangu."